Mzee Mfupi wa Ukutani

Kazi inayoniweka mjini Mwanza ni simba. Mtu akimaliza nyumba yake Buswelu au Kiseke, akapaka rangi, akafunga geti, ndipo anapogundua kwamba nguzo mbili za geti zimebaki vipara. Ananipigia simu. Simba wawili wa simenti, wamelala, midomo wazi. Nimetengeneza pia tai, twiga wa bustani ya hoteli, sangara wa mita mbili wa kuweka mbele ya baa, na Bikira Maria saba wa kwenye mapango ya Wakatoliki. Chuo cha sanaa sijakanyaga. Aliyenifundisha ni mjomba wangu, fundi ripu wa Kisesa. Akimaliza nyumba ya mtu alikuwa habebi simenti iliyobaki kwenye karai, anamfinyangia mwenye nyumba kuku wa bure.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, ikaingia simu ya namba nisiyoijua. Lafudhi ya Kenya.

"Fundi, nimeona Maria wako kule Igoma. Ni mzuri sana. Sasa na sisi tuko na mtu wetu tunamtaka kwa ukuta, huko nje."

"Mtu gani, mzee?"

"John Wesley."

Nikasema sawa, nakuja kesho. Simjui, lakini fundi hakatai kazi kwenye simu.

Aliyenipigia alikuwa mchungaji wa Methodisti, kanisa lililotokana na mahubiri ya huyo Wesley. Nikiri kwamba nilidhani amekosea mji. Huku kwetu ukisema Mprotestanti watu wanakumbuka AIC (Africa Inland Church) kwanza, halafu Mlutheri, halafu Mwanglikana, halafu makanisa ya maspika. Wakatoliki wenyewe wako hapa kando ya ziwa, Bukumbi, tangu 1883. Wamethodisti walishukia pwani ya Kenya mwaka 1862, Ribe karibu na Mombasa, na huko Kenya wakaota mizizi, hasa Meru. Mchungaji mwenyewe ni mtu wa Meru. Haya yote alinieleza kabla chai haijapoa. Ana namna ya kueleza mambo kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda kwao.

Kanisa lenyewe liko kwenye mteremko upande wa Nyakato, chini ya yale mawe makubwa yanayowafanya wageni wadhani Mwanza nzima iko mbioni kuporomoka. Jengo la tofali za bloku, bati jekundu, halijai watu mia mbili hata Pasaka. Mbele kuna barabara ya vumbi na kijiwe cha bodaboda. Juu ya mlango paliachwa nafasi ya dirisha ambalo pesa ya kioo chake haikupatikana, wakaliziba kwa ndani, kwa nje likabaki shubaka. Njiwa walikuwa wameshalichukua.

Nilidhani nimeitwa kupima. Kumbe nimeitwa kwenye kikao.

Kikao kilikuwa chini ya mwembe, watu saba, nami wa nane nimekalia ndoo. Aliyeanza kupinga ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, suti ya kaki, kalamu mbili mfukoni. Mimi nilitegemea Kutoka 20, maana hiyo nimelelewa nayo. Mama yangu ni AIC wa damu, na kila Bikira Maria niliyetengeneza alinisomea mstari ule wa nne, "Usijifanyie sanamu ya kuchonga". Nilikuwa namjibu, "Mama, mimi sichongi, napiga ripu." Hajawahi kucheka.

Lakini mwalimu hakuanzia Kutoka. Alisema hivi: mwaka 1784 Wesley mwenyewe aliwaandalia Wamethodisti wa Marekani vifungu vya imani, na kile cha 14 kinakataa kuabudu sanamu. "Sasa mtu aliyetukataza sanamu, sisi tunamfanya yeye ndiye sanamu?" Akakaa. Nikampenda hapo hapo, ingawa alikuwa anakula hela yangu.

Mchungaji akasema kifungu kinakataa kuabudu, hakikatazi kukumbuka. Akatoa noti ya elfu moja mfukoni. "Huyu hapa ni Mwalimu Nyerere. Kuna mtu anaiabudu hii?"

"Wengi," akasema mama mmoja wa kwaya, na kikao kikalegea.

Mama huyo ndiye aliyesema neno ambalo nadhani lilikuwa sababu ya kweli ya mradi wote. Wakatoliki ukipita kwao unajua hapa ni kanisa, ule mnara, yule Maria. "Sisi watu wanapita wanatuuliza kama hili ni godauni la pamba."

Halafu kulikuwa na bibi mmoja, kanga mbili, amekaa kwenye jamvi miguu ameinyoosha. Aliuliza swali moja tu. Huyo Mzungu alitufaa nini sisi? Mchungaji hakukurupuka. Akamwambia kwamba mwaka 1774 Wesley aliandika kitabu kidogo cha kupinga biashara ya watumwa. Na tarehe 24 Februari 1791, mzee wa miaka 87, hawezi tena kupanda farasi, aliandika barua kwa mbunge kijana aitwaye William Wilberforce akimhimiza asichoke kuipiga vita biashara hiyo. Tarehe 2 Machi akafa. Ilikuwa miongoni mwa barua zake za mwisho.

Bibi akafikiri. "Basi awekwe," akasema.

Mwalimu akakubali kwa sharti. Hakuna mshumaa, hakuna maua, hakuna mtu kumgusa. "Na akae nje. Ndani hapana." Alilisema kama hakimu anayesoma hukumu.

Usiku ule nilinunua bando nikakaa nalo. Ndipo nikaona kitu ambacho bado kinanichekesha. Huyu Wesley alikuwa padri wa Kianglikana, mtoto wa padri, aliyezaliwa Epworth, Uingereza, mwaka 1703. Alikuwa mtu wa utaratibu mpaka kwenye kucha. Aliandika mwenyewe kwamba aliwahi kuona kuokoa roho ya mtu nje ya jengo la kanisa ni karibu sawa na dhambi. Kisha makanisa yakaanza kumfungia milango, kwa sababu mahubiri yake yalikuwa yanawachoma wenye viti vya mbele. Tarehe 2 Aprili 1739, pembeni ya mji wa Bristol, akajikaza, akapanda kwenye mwinuko mdogo na kuhubiria watu kama elfu tatu chini ya jua. Miaka mitatu baadaye akarudi Epworth kwao, na kanisa ambalo baba yake alilitumikia miaka yote likamnyima mimbari. Alifanya nini? Alitoka nje uani, akapanda juu ya kaburi la baba yake, akahubiri pale. Jioni baada ya jioni, juma zima.

Asubuhi nikampigia mwalimu. "Mwalimu, ile hukumu yako ya jana. Umemweka mahali pake hasa." Nikamsomea habari ya kaburi. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata.

"Alisimama juu ya kaburi la baba yake?"

"Ndiyo."

"Na viatu?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake, lakini lilinisaidia. Nilikuwa nimepanga kumficha miguu ndani ya kanzu kama ninavyomficha Maria, maana miguu inakula muda. Baada ya simu ile nikaamua viatu vionekane, na chini yake si jukwaa la pembe nne bali bamba la jiwe, kama la kaburi. Halisemi ni kaburi. Anayejua anajua.

Sasa kimo. Hapa ndipo mvutano ulipohamia. Wesley alikuwa mfupi, kama sentimita 160, uzito haufiki kilo 60. Shubaka lina sentimita 175. Mtu wa kimo chake halisi anaingia kama alipimiwa. Lakini vijana wa kanisa walitaka awe mkubwa, atokeze, aonekane kutoka barabara ya lami. Kijana mmoja akanionyesha kwenye simu picha ya Bristol, ambako nje ya kanisa lao la kwanza kabisa, lile la mwaka 1739, Wesley amekaa juu ya farasi. "Tufanye hii." Nikamwambia farasi mmoja ni mifuko ya simenti ya kutosha kujenga choo, na miguu minne ya farasi ni kesi nne tofauti. Tena Mwanza farasi amemwona nani? Watasema punda.

Mchungaji akaingilia kusema farasi si utani, inasemekana mtu huyu alisafiri juu ya farasi kiasi cha kilomita laki nne maishani mwake, akisoma kitabu huku hatamu ameilegeza. Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa anasikiliza ukutani akauliza, "Laki nne? Kwa injini moja?" Tangu siku hiyo kijiwe kizima kilikuwa upande wangu. Walinisaidia kubeba mirunda, walinitafutia maji.

Kuna aliyeuliza pia kwa nini asifanane na sisi. Swali zuri, na mimi mtoto wa Kisesa nilikuwa na la kusema, maana nimekua karibu na Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Padre David Clement, Mkanada, aliacha kule kanisa la duara lililobeba Usukuma wote, na banda la ngoma lenye umbo la kiti cha mtemi. Nilipokuwa mdogo nilidhani makanisa yote duniani yako hivyo. Lakini mchungaji alinizima vizuri. "Yesu anaweza kuwa Msukuma," alisema, "sababu ni wa kila mtu. Wesley hawezi. Huyo yuko na cheti cha kuzaliwa." Tukakubaliana nisipake rangi kabisa. Abaki rangi ya simenti, na simenti haina kabila.

Mfano wangu mkuu ulikuwa ile sanamu ya London, mbele ya kanisa lake la City Road, iliyosimamishwa mwaka 1891 kutimiza miaka mia tangu afe. Pale amesimama na joho, kola yenye vile vitambaa viwili vinavyoning'inia shingoni. Nywele ni zake mwenyewe, ndefu, zimejikunja mabegani, kwa sababu karibu maisha yake yote alikataa kuvaa nywele za bandia wakati wanaume wa hadhi yake wakizivaa. Hilo nalo lilinifurahisha. Nywele za simenti zinapendeza. Unazikwaruza kwa uma.

Kwa wanaotaka kujua kazi inavyokwenda: uti wa mgongo ni nondo ya milimita 12, imezamishwa kwenye kitako na kufungwa ukutani kwa nondo mbili za kulala. Mabega na joho ni nondo nyembamba, juu yake waya wa banda la kuku, tabaka mbili, umefungwa mpaka vidole vinatoka damu. Ripu ya kwanza ni ya kurushia, chafu, ishike tu. Ripu ya pili ndiyo mwili, ndoo moja ya simenti kwa tatu za mchanga uliochekechwa. Mwisho niru, simenti tupu na maji, ndiyo ngozi. Kila hatua unaifunika magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni. Simenti haikauki, inaiva. Ukiiacha jua la Mwanza liikaushe, inapasuka kama kisigino.

Uso nilimwekea siku nzima. Pua yake ni ndefu na nyembamba, mimi nimezoea pua za Maria, nikaibomoa mara tatu. Macho nilichimba kwa mpini wa kijiko. Mtu wa mahubiri ukimfumba mdomo anakuwa maiti, ukimfumbua sana anakuwa simba wangu wa geti. Nikauacha kama mtu aliyetamka silabi ya kwanza. Saa kumi na moja jioni nikapiga niru ya mwisho shavuni, nikarudi nyuma kuangalia, nikaridhika.

Ndipo wakaja wale wadudu wa ziwani. Mtu wa Mwanza anawajua, wanainuka majini kama moshi wa treni, upepo ukiwaleta mjini unafunga mdomo. Walimjaa usoni. Niru bado mbichi, kila mdudu akanasa na mabawa yake. Saidia fundi wangu akataka kuwafuta kwa kitambaa, nikamkamata mkono, angeondoka na shavu. Tukawasha taa ya simu ukutani upande wa pili ili wahamie huko, tukakaa mpaka saa tatu usiku nikimchomoa mmoja mmoja kwa sindano ya kushonea magunia. Si wote. Ukipanda ngazi leo, chini ya jicho la kushoto kuna vitundu vitatu kama makovu ya ndui. Mchungaji anadhani nilivikusudia.

Maandishi ya chini yalikuwa vita ya mwisho. Kule London, chini ya miguu yake wameandika yale maneno yake maarufu, kwamba ulimwengu wote anautazama kama eneo lake la huduma. Wenyewe wana neno moja, parish. Sisi Kiswahili chetu kila dhehebu limejitengea lake. Mchungaji aliandika kwenye karatasi: ULIMWENGU WOTE NI PAROKIA YANGU. Mwalimu akalikata kwa kalamu nyekundu. Parokia ni ya Wakatoliki, watu watadhani ni padre wa Bugando. Usharika? Hiyo ni ya Walutheri. Mchungaji akajaribu sakiti, ndivyo wanavyosema kwao Meru. Mama wa kwaya akauliza kama mtu wa umeme amekuja. Mwishowe mwalimu akasema Waanglikana husema mtaa, na Wesley alikufa Mwanglikana, hakuwahi kuihama Kanisa la Uingereza. Kwa hiyo nimeandika kwa herufi za kuchimba, kina cha nusu sentimita:

ULIMWENGU WOTE NI MTAA WANGU

Mwalimu hakufikiria kijiwe cha bodaboda. Haikupita siku mbili Wesley akawa Mwenyekiti wa Mtaa. Sasa abiria anaambiwa, "Nikushushe kwa Mwenyekiti?" Mwenyekiti wa mtaa wa kweli, aliyechaguliwa kwa kura, alikuja kuuliza kwa upole kama kuna jambo analopaswa kujua. Na jirani mmoja alileta mgogoro wake wa mpaka wa kiwanja kanisani, akidai ameelekezwa na vijana.

Lakini kosa langu linakuja sasa. Sitaki msomaji adhani yote yalikwenda sawa.

Nilimnyanyua mkono wa kulia, kiganja wazi, kama London. Shubaka linamkinga mvua mwili mzima isipokuwa mkono huo, ambao unatokeza nje. Nilivitaka vidole vyembamba, vya mtu wa kilo 60 aliyeandika barua usiku. Nikatumia waya wa kufungia nondo, nikaufunika simenti kidogo tu, nusu sentimita au chini ya hapo. Vilikuwa vidole vizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Nilivipiga picha.

Masika yalipoingia mwezi wa tatu mwaka uliofuata, mwalimu akanipigia. "Fundi, mtu wako anatoka damu." Nikakimbilia huko. Mistari ya kahawia ilikuwa imeteremka kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko. Wanawake wawili wa kanisa la jirani, la maspika, wamesimama chini wanaomba kwa lugha. Mwalimu anawafukuza kwa mwamvuli huku ananitazama mimi, na macho yake yanasema kifungu cha 14.

Haikuwa damu, ilikuwa kutu. Maji yamepenya ile simenti nyembamba, waya umeshika kutu, na kutu ikivimba inahitaji nafasi kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inapasua simenti kwa ndani. Nilipogusa kidole cha shahada kikabaki mkononi mwangu. Cha pete nacho kikafuata. Mjomba angenipiga. Alikuwa akisema simenti juu ya chuma isipungue unene wa kidole gumba, na mimi hayo nilikuwa nayajua toka nina miaka kumi na nne. Niliyaacha kwa sababu ya kupenda sifa.

Nilikata kiganja chote kwenye kifundo kwa msumeno wa chuma, nikaanza upya kwa nondo ya milimita 6 na simenti ya kutosha, bila malipo. Vidole sasa ni vinene. Mama wa kwaya anaviita ndizi mshare. Vimepita mvua mbili, havijalia. Asubuhi kuna mjusi wa mawe, wale wa kwetu wenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu, hupanda mkono wa kushoto na kuota jua juu ya Biblia. Elfu hamsini yangu ya awamu ya mwisho bado wananidai uvumilivu.

Kile kiganja cha kwanza sikukitupa. Nilikipeleka Kisesa ndani ya mfuko wa rambo, nikakiacha barazani, nikasahau. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia mama. Alikuwa ameanika mahindi uani, wingu limefunga upande wa ziwa, ameyafunika kwa turubai, na kwenye kona zake ameweka mawe matatu ya kawaida. La nne lilikuwa kile kiganja, kimelala chali, vidole vitatu juu.

"Mama, unajua hiyo ni nini?"

"Jiwe," akasema, akalisukuma kwa mguu likae vizuri. "Shika huko, mvua hiyo."